Mjukuu Wako Hakubemendwa

Kiseke, Mwanza
20 Agosti 1995

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mwanao ni mzima, namshukuru Mungu, na wajukuu zako wanakuamkia. Sijui goti lako linaendeleaje baada ya shida yote ya kuvuna pamba. Baba mdogo Kashindye ameniambia kwamba mwaka huu wanunuzi binafsi wamefika mpaka hapo Ngudu na mizani zao, kila mmoja akijifanya mkombozi, na kwamba wewe uliwatimua kwa fimbo. Nilicheka, mama. Siku hizi sicheki sana.

Barua yako ameifikisha. Unauliza Sabina amekwenda wapi, kwa nini ameikimbia nyumba ya mumewe pale Buhongwa, na mbona Masalu hajibu salamu zako. Unaniagiza nimshike mkono wifi yangu nimrudishe kwake kabla aibu haijaenea. Nitakujibu yote, ila nakuomba usimpe mtoto wa jirani akusomee. Vaa miwani yako, isome mwenyewe polepole.

Jumatatu ni siku ya kupima watoto uzito hapa kituoni kwetu. Jumatatu moja mwezi uliopita nilikuwa kwenye mizani nilipomwona Sabina kwenye foleni, kajifunika kanga mbili na jua linawaka. Alipita zahanati ya kwao Buhongwa, akavuka mji mzima mpaka huku Kiseke kwa sababu alijua nipo. Nilikuwa sijamwona tangu kabla ya Pasaka. Kila nikienda kwao kaka Masalu alikuwa ananiambia kwamba mama na mtoto wamekwenda Ukerewe kusalimia.

Alinipa Yakobo nimpime. Mama, sikumtambua. Mjukuu wako, yule mwenye jina la marehemu baba, miguu imevimba mpaka ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Nywele zimekuwa nyekundu kama ndevu za mahindi. Ngozi ya mapaja inabanduka. Nimefanya kazi hii muda mrefu na nimewaona watoto wa hivyo, lakini walitoka katika nyumba zisizo na kitu. Huyu ametoka katika nyumba yenye bati jipya, redio kubwa na gari la kubebea samaki limeegeshwa uani.

Nikamwuliza Sabina mkono una nini, maana alikuwa ameukumbatia. Akasema ameanguka kisimani. Wanawake wanaokuja kwetu huanguka sana, mama. Mtu angedhani mawe yote ya Mwanza yamepakwa sabuni. Nami najua kwa nini wanaanguka. Ukisema umeanguka, unafungwa plasta siku ileile. Ukisema umepigwa, hospitali haikugusi mpaka uende kwanza polisi ukalete fomu, na mkono wako unaning'inia, na huko polisi unaambiwa hayo ni mambo ya ndani, nendeni mkayamalize nyumbani. Kwa hiyo wanaanguka, na sisi tunaandika kwamba wameanguka, halafu tunakunywa chai. Utaratibu huu unanitia kinyaa kuliko usaha wowote niliowahi kuusafisha.

Nilimpeleka chumba cha nyuma, nikamfunua kanga. Sitakueleza mgongo wake. Akalia, ndipo akasema. Alisema kaka Masalu ameyaweka mahindi stoo na ufunguo anao yeye. Akitoka kwenda mwaloni kununua samaki wa kupeleka viwandani anaacha unga wa kuonja tu, maharage hakuna, maziwa hakuna. Samaki wakubwa wanakwenda kiwandani wakakatwe minofu ya Wazungu, na nyumbani haleti hata kichwa. Nyumba nzima inanuka samaki na mtoto anakufa kwa kukosa samaki. Ugonjwa wa Yakobo dawa yake ndiyo hiyohiyo baba yake anayoipakia kwenye gari kila siku.

Nikamwuliza sababu. Akasema mumewe anamwambia kwamba amembemenda mtoto. Kwamba alitoka nje ya ndoa huku ananyonyesha, na uchafu wake umemwingia mtoto kupitia maziwa. Mwanamke wa namna hiyo, anasema Masalu, hali chakula changu. Basi kadiri mtoto alivyovimba, ndivyo mama alivyopigwa na kunyimwa, na kadiri mama alivyonyimwa, ndivyo mtoto alivyovimba.

Niliwalaza wodini wote wawili. Na kwenye kadi ya Sabina niliandika kwamba amepigwa na mume wake. Mganga wetu mkuu wa kituo aliniita ofisini akaniambia nimeharibu, kwamba polisi watakuja kutusumbua na wanaume wa mtaa huu watawakataza wake zao kuja kliniki. Alisema kwa upole, kama mtu anayenishauri nisile embe bichi. Nikamwambia ningependa watukataze kwa ukweli kuliko watuzoee kwa uongo. Akanitazama kama mtu asiye na adabu, na labda ndivyo nilivyo.

Keshoye akaja kaka Masalu mwenyewe na gari lake. Hakuja kumwona mtoto. Alipita mlango wa wodi bila kugeuza shingo, akaingia ofisini kwa mganga mkuu, na nyuma yake kibarua kabeba gunia. Ndani ya gunia alikuwa sangara mzima, mnono, bado anang'aa. Zawadi ya daktari! Nilisimama pale kwenye korido, mlango ukiwa wazi, nikaona yote. Mganga mkuu akampokea kwa mikono miwili. Kisha akaniita akaniambia kwamba kaka yangu ni muungwana, amekuja kwa heshima, nimwachie familia yake.

 Nilimbeba yule samaki, gunia na yote, nikampeleka jikoni kwa wodi. Tukamchemsha. Yakobo alipewa mchuzi kwa kijiko, kidogo kidogo, na watoto wengine wa wodini wakala minofu mpaka wakasinzia. Mganga mkuu tangu siku hiyo hanisalimii, nami sijaona pengo lolote.

Tulimpata ofisa ustawi wa jamii, mama mmoja anaitwa Dorotea, ofisi yake ina kiti kimoja na anakupa wewe ukikalie. Yeye ndiye aliyetupeleka polisi, Sabina na mimi, na alipoanza askari wa zamu ule wimbo wa mambo ya ndani, Dorotea alisimama pale kaunta akasema haondoki bila fomu, hata wamfungie ndani. Fomu ikatoka. Mkono ukafungwa plasta. Umevunjika mahali pawili, na mmoja ni mvunjiko wa zamani ulioungana vibaya.

Sasa nije kwa baba mdogo Kashindye. Alifika Jumamosi na barua yako. Sabina na Yakobo walikuwa wametoka wodini, wako kwangu. Basi nilichinja kuku, nikampikia wali kama inavyompasa mzee. Mtoto kalala kwenye mkeka mbele ya miguu yake. Alikula, akachokonoa meno kwa kijiti cha kiberiti, akasema ukoo umekaa. Wameona kosa ni la mwanamke, ila Masalu naye amezidisha kidogo. Watu wa Sabina walete mbuzi wa kusafisha nyumba, Sabina arudi kesho yake, na maneno ya polisi yafutwe. Nikamwonyesha mtoto. Nikamwambia huyu akirudi Buhongwa tutamzika kabla ya mvua. Akaendelea kuchokonoa meno, akasema kwamba mtoto ni majaliwa, mwingine atazaliwa.

Nilimwondolea sahani, mama. Alikuwa bado hajamaliza paja. Najua ameshakusimulia na ameongeza chumvi, lakini ni kweli, nilimnyang'anya mzee chakula mdomoni, na sijutii hata kidogo. Sabina alikuwa nyuma ya pazia anasikia bei yake ikitajwa kwa mbuzi.

Umeuliza kwa nini Masalu hajibu salamu zako. Hajibu kwa sababu yuko rumande. Alikamatwa Alhamisi ya tarehe tatu, na aliyemshtaki ni mimi. Si Sabina. Sabina aliogopa kuweka kidole, alisema mke hamfungi mtoto wa wakwe zake. Mimi nikaweka sahihi yangu chini ya maelezo. Najua ni kifungua mimba wako. Najua ndiye aliyenilipia ada ya uuguzi baba alipofariki, na watu wote wa Ngudu watasema Getruda ameuuma mkono uliomlisha. Waseme. Nilipokuwa natia sahihi nilimchukia kaka yangu na nilimwonea huruma, vyote kwa pamoja.

Na kuna jambo lingine ambalo ndilo lililonifanya niandike badala ya kusubiri nije. Walipomwuliza Masalu kwa nini alifungia chakula, hakukana. Alisema aliambiwa na mama yake. Alisema ulipokuja Pasaka ulimshika Yakobo miguu, ukamgeuza, ukasema mbele ya watu waliokuja kula sikukuu kwamba mtoto huyu amebemendwa, mwangalie vizuri mkeo. Nilimwuliza Sabina kama ni kweli. Akaitikia kwa kichwa. Hajawahi kukutaja. Amevunjiwa mkono kwa neno lako na bado anakuheshimu kiasi cha kutokukutaja.

Siamini ulitaka haya. Uliona mtoto amevimba ukasema kile ambacho bibi alikuwa akisema, na wote mlikisema, na hakuna aliyewahi kuwauliza. Lakini mtoto hakubemendwa, mama. Alikuwa na njaa. Pasaka alikuwa anaanza tu, kikombe cha maziwa kila siku kingemtosha. Mtu mmoja pale sikukuuni angesema mpeni mtoto chakula, yangeishia hapo.

Hati ya kukuita mahakamani itakufikia kupitia kwa mtendaji wa kijiji. Mimi ndiye niliyewapa jina lako na mahali unapokaa. Masalu anasema utamsaidia, kwamba ukisimama ukarudia neno lile mbele ya hakimu, kila mzee ukumbini atatikisa kichwa kukubali, naye atatoka siku hiyohiyo aje kuchukua mkewe na mtoto wake. Baba mdogo anasema hivyohivyo. Nadhani wanasema kweli. Umeheshimika maisha yako yote na neno lako lina uzito, tumeshauona uzito wake.

Basi uje. Nitakusubiri stendi, nitakupikia, utalala kitandani kwangu, na sitakuuliza chochote. Usiku huo Yakobo atalala kwako, maana anapenda kulala na mtu. Utamshika miguu ileile uliyoishika Pasaka uone ilivyopungua. Asubuhi tutakwenda mahakamani pamoja, na hakimu atakapokuuliza mtoto aliugua nini, utajibu wewe.

Wasalimie majirani wote na mama Ngosha, mwambie dawa ya macho nimempatia, nitakupa urudi nayo. Sabina anakuamkia. Nimemwuliza kama niiandike salamu hiyo, akasema niiandike.

Ni mimi mwanao akupendaye,

Getruda