Neno Lililokwaruzwa Ndani ya Kopo la Oloo

Rooty Hill,
Sydney, Australia.
23 Novemba 2025

Mpendwa Shangazi Rispah,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Miriam ameniambia sasa unapanda ngazi za kanisa bila kushikwa mkono, nikafurahi, kisha akaongeza kwamba unakataa dawa kwa sababu zinakuletea usingizi wakati wa kwaya. Tafadhali zimeze, Shangazi. Usingizi si dhambi. Na hapo Changamwe maji yamerudi, au bado mnapanga ndoo?

Mimi ni mzima. Joto limeanza, nami nalala madirisha wazi. Kazi ya uuguzi kule Lidcombe, kwenye nyumba ya wazee, inaendelea vizuri. Mzee mmoja wa wodi yangu amejifunza kuniambia "habari za asubuhi", na huniambia hivyo hata saa kumi jioni. Sijamsahihisha.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Nimesikia kwamba tarehe sita Desemba kina mama wa maombi watakuja kulibeba kopo la babu yetu Oloo, waliombee kisha wakalitupe, kwa kuwa ni kitu cha wizi na ndicho kinachotutenga na nyumba ya kaka yake, Odera. Nakuomba usilitoe kabla hujasoma barua hii hadi mwisho. Ningekupigia simu, lakini kwenye simu wewe hunikatiza nami hulia, tukaishia kuzungumzia hali ya hewa. Karatasi haikatizwi. Cherotich, muuguzi mwenzangu, anasafiri Alhamisi na ameahidi kukukabidhi mkononi.

Kuna kitu nimekuficha. Huu ni mwaka wa tatu nakusanya makopo kama lile. Huyapata kwenye soko la vitu vya zamani, na sasa ninayo saba kwenye rafu juu ya kitanda changu. Krismasi ya mwaka 1914, binti wa mfalme wa Uingereza alichangisha watu ili askari wapelekewe kikasha cha shaba chenye sura yake kwenye kifuniko. Ndiyo, Shangazi, yule mwanamke tuliyeambiwa utotoni kwamba ni mke wa kwanza wa Oloo, tukawa tunamwamkia! Wavutaji walitiliwa tumbaku, wasiovuta wakapata peremende na penseli, na askari Makalasinga, waliopigana hadi Afrika Mashariki, wakapata sukari na viungo. Watu wa huku nao walikuwa na zawadi yao, kopo la kuchemshia chai lenye mkono wa waya, likijazwa soksi na keki.

Wenzangu kwenye chama cha wakusanyaji huniuliza nimeyapendea nini makopo haya. Huwajibu kwamba napenda shaba. Ni uongo. Nilikuwa natafuta njia ya kumtoa Oloo hatiani. Nilipokuwa darasa la sita, binti mmoja wa nyumba ya Odera aliniita "mjukuu wa mwizi" mbele ya darasa zima, nami sikuwa na jibu. Nadhani nimekuwa nikilitafuta jibu hilo tangu siku ile.

Wewe ulimwona Oloo kwa macho yako, kwa hiyo kisa unakijua kuliko mimi. Alirudi kutoka kwenye vita vya Wajerumani, alikokuwa mpagazi, akiwa na malaria na lile kopo. Odera akamuuliza amelipata wapi. Akajibu neno moja tu, kwa Kiswahili cha jeshini: "Chukua." Watu wakacheka, mwizi amejitaja mwenyewe, na tangu hapo hawakula naye.

Mwaka jana nusura nikate tamaa. Mzee mmoja wa chama aliniambia, kwa upole kabisa, kwamba hajawahi kuona orodha ya zawadi zile iliyotaja wapagazi wetu. Siku ile nilipita kituo changu cha treni bila kujua.

Kisha mwezi uliopita Miriam akanipigia picha upande wa ndani wa kifuniko. Ile mikwaruzo tuliyodhani ni ya msumari, niliikuza kwenye simu na nikaona ni herufi zinazoning'inia kwenye mstari, kama nguo kambani. Herufi za namna hiyo ziko kwenye geti la jirani yangu. Jirani mwenyewe ni Mzee Gurdip, Kalasinga aliyeendesha malori ya bandarini Port Botany hadi alipostaafu. Nikamvukia barabara na simu yangu.

Alivaa miwani, akasoma mstari wa chini. "Bishan Singh. Hili ni jina la mtu." Juu yake akakwama. "Beti," akasema, maana huniita binti kwa lugha yake, "hapa huyu bwana alikuwa amelewa. Herufi ni zetu, lakini maneno hayana maana."

Mkewe akadakia kutoka jikoni, "Au wewe ndiye hujui kusoma!"

Nikamwomba asome tu, hata kama hayana maana. Akasoma polepole, kwa sauti ya mtu anayemwita paka: "O-lo. Chu-ku-a."

Shangazi, nilikaa chini pale pale kwenye ngazi yao. Mzee wa watu akadhani nimezimia, akaniletea maji yenye chumvi.

Yeye alikuwa na herufi bila lugha, mimi nina lugha bila herufi. Bishan Singh aliandika Kiswahili kwa herufi za kwao: Oloo, chukua. Oloo hakusema "nilichukua". Alirudia kile alichoambiwa. Nimejaribu kulipinga hili kwa kila njia, unanijua. Lakini Oloo hakujua hata kuandika jina lake, sembuse kwa herufi za Kipunjabi. Aliyeandika ni mwenye kopo, na aliandika ili alitoe. Kwa nini alilitoa sijui, nami nimejizuia kutunga.

Kwa hiyo kina mama wakija, wapikie chai na muombe pamoja, ila kopo libaki kabatini. Halafu, na hili najua ni zito, wapigie simu nyumba ya Odera. Waalike Krismasi. Usiwalaumu, hata sisi tuliamini miaka yote hii. Wape kifuniko wakishike, na ujumbe wa sauti wa Mzee Gurdip akisoma nimemtumia Miriam.

Nilipojaza fomu za kuja huku niliandika jina la baba peke yake. La Oloo nililiacha makusudi. Jumatatu iliyopita nilipeleka maombi lirudishwe kwenye karatasi zangu zote. Mama wa dirishani aliniuliza linaandikwaje, nikamtajia herufi moja moja, kwa sauti iliyosikika hadi mwisho wa foleni.

Nisalimie Baba Mdogo na watu wote wa nyumbani, Miriam umkumbatie, na kwaya yako uiambie naomba wimbo mmoja kwa ajili yangu. Mungu aliyekutunza wewe na goti lako akutunze hadi tuonane uso kwa uso.

Wako akupendaye sana,
Aketch Oloo