Mizinga Elfu Tatu

Jumatatu, 13 Januari 1975

Nimeshinda! Telegramu imefika asubuhi: mizinga ya nyuki elfu tatu kwa ajili ya vijiji vipya itanunuliwa hapa hapa mkoani Tabora, si Ulaya tena. Miaka miwili ya kupigania jambo hili. Barua kumi na moja kwa makao makuu ya Shirika letu la misaada huko Ulaya, mbili kwa mhariri wa gazeti, na ugomvi usiohesabika na Mkuu wetu wa ofisi, Bwana Henriksen. Mizinga ya mwaka juzi ilivuka bahari, ikapanda treni, ikafika imepinda. Vipimo sahihi hadi milimita — na nyuki wakaikataa! Nani aliwauliza wafuga nyuki?

Kwa hiyo nimefuta milimita zote katika tangazo la zabuni. Nimeandika mwenyewe: mzinga wowote ambao nyuki wa hapa wanaukubali. Nimeisoma sentensi hiyo kwa sauti, mara mbili.

Nimechoka. Lakini uchovu wa leo ni mtamu.

Alhamisi, 23 Januari

Kanuni inataka bei tatu. Zikiwa mbili, jalada linarudi Ulaya na tunapoteza miezi sita. Ninazo mbili: ya Mansukh, mwenye kiwanda cha mbao hapa mjini, ambaye atatumia mabanzi, mabaki ya magogo anayoyachoma moto sasa, na ya Shomari, seremala wa Urambo. Wote wawili wanatengeneza mizinga ya mbao. Mizuri.

Ya tatu? Nimempelekea ujumbe Nikolaus, mwenyekiti wa kijiji kimoja huko Sikonge. Aandike bei ya mizinga yao ya magome, bei yoyote. Ya kujazia nafasi tu. Nani atachagua magome akiletewa mbao?

Ijumaa, 31 Januari

Bahasha zimefunguliwa. Shomari shilingi 41 kwa mzinga. Mansukh 38. Nikolaus 6.

Sita!

Henriksen alikuwa amekwisha shika kalamu. Bei ya chini kabisa ndiyo inayoshinda, hiyo ndiyo kanuni. Nikamwambia kila mzinga wa gome ni mti mmoja uliokufa. Mti ukibambuliwa gome pande zote hauponi. Miti elfu tatu! Akaniuliza, kwa upole kabisa, jambo hilo limeandikwa wapi katika tangazo. Akaigeuza fomu mbele na nyuma anionyeshe. Kuna mahali pa bei, pa tarehe, pa sahihi. Mti hauna mahali.

"Na maneno ya tangazo ni yako, Mwalimu."

Niliacha kufundisha miaka tisa iliyopita, bado wananiita Mwalimu. Leo limeniuma.

Mansukh alinisubiri mlangoni kwake. "Mama Mwalimu! Mwaka juzi nilishindwa na meli, leo nimeshindwa na maganda. Mwakani nikuletee mizinga ya karatasi?" Nikamwambia anyamaze. Akanipa soda. Nikainywa nimesimama.

Jumanne, 11 Februari

Sikonge. Landrova imekwama kwenye tope mara mbili. Nilisikia mashoka kabla sijaona mtu. Kijiji kizima kimo msituni. Miti, mitundu na miyombo, imesimama uchi kutoka kiunoni hadi juu sana, nyekundu kama kidonda. Majani bado ni mabichi. Hayajapata habari.

"Shikamoo, Ndugu Mwenyekiti."

"Marahaba, Mwalimu! Umekuja kutuona tunavyokimbizana na siku arobaini za mkataba wako?"

Nikamuuliza Nikolaus: marehemu baba yake alikuwa anabambua miti mingapi kwa mwaka?

"Minne. Mitano akigombana na mama, ili akae msituni."

Watu wakacheka sana. Nami nikacheka — Mungu anisamehe.

"Na ninyi?"

"Elfu moja na mia mbili hadi jana. Tunaharakisha. Mvua ikikatika, gome halibanduki."

Nikauliza nyuki watakula maua gani, maana miti hiyo hiyo ndiyo chakula chao. Nikolaus alifuta shoka kwenye suruali, upande mmoja, kisha upande wa pili.

"Tunajua, Mwalimu. Tulianza kujua kabla yako. Lakini zahanati haina paa. Na wewe ndiye uliyetuita. Tungekataa, si ungetuandika gazetini kwamba wanakijiji wa Sikonge ni wavivu, hawataki kujitegemea?"

Ningewaandika. Hata kichwa cha habari ningekuwa nacho.

Alhamisi, 13 Februari

Henriksen anasema mkataba haubadilishwi bila kamati ya makao makuu. Kamati inakaa Aprili. Aprili kutakuwa na nini cha kuokoa?

Kimebaki kitu kimoja mikononi mwangu: sahihi yangu kwenye hati ya kupokea mali. Nikikataa, kijiji hakilipwi, na makao makuu yataandika kwamba wenyeji walijaribiwa wakashindwa. Turudi kwenye meli. Nikitia sahihi, mkataba unajiongeza wenyewe: elfu tisa nyingine kwa Kaliua na Urambo, bei ile ile, bila zabuni mpya.

Nimemfokea. Hakujibu kwa hasira. Alisema zamani, kwenye nchi nyingine, naye aliandika barua kama zangu. Sikutaka kujua hilo. Ni rahisi zaidi kupigana na mtu mbaya.

Jumatatu, 24 Februari

Lori la kwanza limefika saa tatu. Mizinga mia sita. Nimeikagua mmoja mmoja, nikitafuta kasoro. Nimetafuta kwa uchu, kama mwizi. Hakuna. Imeshonwa vizuri, vifuniko vinakaa sawasawa, mingine gome bado lina unyevu. Kazi ya watu wanaojua kazi.

Fomu ina swali moja: Je, mali iliyoletwa ni kama ilivyoagizwa? Ndiyo. Hapana. Futa isiyohusika.

Jibu la kweli ni Ndiyo. Nilivyoagiza ndivyo walivyoleta.

Henriksen amechungulia mara mbili; anataka hati iende na treni ya leo. Nikolaus amekaa mbele yangu, kofia magotini. Ameniuliza kwa sauti ya chini: watu wako msituni wanangoja neno, awaambie waendelee au wapumzike?

Nimemwomba anipe dakika chache, nikafungua daftari hili. Ananitazama mkono unavyokwenda, anachelea kunikatiza. Anadhani ninajaza fomu.