Sikumwambia kuhusu kuteremka

Mutsamudu, Alhamisi, 1977. Mvua imenyesha tangu alfajiri na imekatika saa nane mchana. Nina uzito kifuani, na si wa homa.

Niandike kabla sijaanza kujitetea.

Ni mwezi wa pili tangu redio ya Moroni itangaze kwamba sisi waajiriwa wa serikali turudi nyumbani, sote. Nilikuwa dereva wa serikali kwa miaka kumi na moja na miezi minne. Barua sikupewa. Faili langu limechomwa pamoja na ya wenzangu, kwa hiyo kwa upande wa karatasi sijawahi kufanya kazi popote. Pikapu niliyoipokea mwenyewe bandari ya Moroni, nikavuka nayo bahari mpaka kisiwa hiki, sasa iko mikononi mwa kamati ya vijana, ambao mapinduzi yamewakabidhi mji. Mimi nilianza Unguja, kuosha malori ya watu. Hakuna aliyenishika mkono.

Asubuhi ya leo kamati ikanijia mlangoni, vijana wawili na msichana mmoja. Pikapu imewashinda mara tatu kwenye barabara ya mlimani. Imebeba saruji ya jengo jipya la utawala, mifuko ishirini, kilo elfu moja. Dereva wao ndiye huyo msichana, Moinaesha, ana miaka kumi na tisa na ametoka shule ya sekondari juzi juzi. Kila wakifika penye matope walikivuta kijiti chekundu cha gia nzito, kile kifupi kilicho kando ya kijiti cha gia za kawaida, huku gari likiwa bado linakwenda. Meno ya gia yalisagana mpaka watu wakatoka madukani.

"Mzee, umelifanyia nini gari letu?" akauliza kijana mmoja. "Tunapiga vita uchawi mji mzima, kumbe umejificha kwenye gia."

"Uchawi gani," Moinaesha akamjibu. "Wewe hata punda anakushinda. Fundi, nifundishe."

Ameniita Fundi. Tangu nifukuzwe, ni wachache wanaokumbuka kuniita hivyo. Nikavaa viatu.

Nilimfundisha vizuri, hilo naapa. Simama kabisa, magurudumu yasizunguke hata kidogo. Kanyaga klachi mpaka chini. Vuta kijiti chekundu nyuma hadi mwisho. Kikigoma usikilazimishe, liache gari lisogee upana wa kidole, kisha ujaribu tena. Hapo tairi zote nne zinavuta, polepole, kwa nguvu zaidi ya mara mbili. Ondoka kwa gia ya kwanza. Ukifika penye lami kavu, simama, rudisha.

Alikuwa akiandika kila neno katika daftari. Kisha akajaribu, na pikapu ikapanda na saruji yake kama mwanamke anayepanda ngazi na ndoo kichwani, bila haraka, bila kuyumba. Nilifurahi, na furaha hiyo ikanichoma, maana gari lilimtii kama lilivyokuwa likinitii mimi.

Tuliporudi mjini alinisomea alichoandika, akihesabu kwa vidole. Mambo sita.

"Ni hayo tu, Fundi?"

"Ni hayo tu," nikasema.

Haikuwa kweli.

La saba ni kuteremka. Kwenye mteremko gia nzito ndiyo inayolishika gari, si breki. Injini inalia kama inataka kupasuka, na mgeni akisikia kilio kile hufanya moja kati ya mawili: hukanyaga klachi, au hukisukuma kijiti mbele ili aipumzishe. Kati ya gia nzito na ile ya kawaida pana mahali ambapo kijiti hakishiki kitu. Hapo injini na tairi hazijuani tena. Gari linakuwa jiwe.

Hilo sikufundishwa na mtu. Dereva aliyenifunza Unguja alilificha, kama alivyofichwa yeye, ili kila siku tumhitaji. Nililijua mwenyewe kwenye kona ya tisa ya barabara hii hii, mwaka wangu wa pili. Sekunde nne au tano tu, kisha ukingo wa udongo ukanipokea. Kidole changu cha mwisho hakijanyooka tangu siku ile.

Nikajiambia: na yeye alipie kama nilivyolipia. Walichukua gari bila barua, basi walichukue na siri zake.

Nilikaa na wazo hilo tangu adhuhuri. Lakini kichwa changu hakijui kukaa bila kuhesabu. Barabara ina kona ishirini na saba. Kesho atashusha watu wa mlimani wanaokuja mjini kwa sala ya Ijumaa, kumi na wanne nyuma na mmoja mbele. Mimi nilikuwa peke yangu siku ile. Na ukingo wa kona ya tisa ulibebwa na mvua mwaka jana.

Watu kumi na watano, pamoja naye kumi na sita. Hakuna hata mmoja wao aliyenifukuza kazi.

Nilikwenda baada ya alasiri. Moinaesha alikuwa akiosha matope kwenye tairi. Nikamwambia yote, klachi, kijiti, kilio cha injini.

"Mbona asubuhi yalikuwa sita?" akauliza.

"Mzee amesahau," akasema yule kijana wa uchawi, kwa upole kabisa. "Umri huo."

Kwa maneno hayo alinifungulia mlango wa kutokea. Ningeweza kupita, nikarudi nyumbani na heshima yangu.

"Sikusahau," nikasema. "Nilikuficha."

Moinaesha alisimama na kitambaa mkononi, maji yakichuruzika. Sikuweza kumtazama usoni. Hakunitukana, na heri angenitukana. Akaliandika la saba taratibu, kisha akasema, "Kesho utapanda mbele na mimi. Kama kuna la nane, utalikumbuka hukohuko njiani."

Mke wangu anasema nisiende, wameninyang'anya usukani na sasa wananifanya abiria. Yote mawili ni kweli.

Nitakwenda. Sijawahi kukaa upande wa kulia wa gari lile na sijui mikono huwekwa wapi. Nitaiweka magotini. Injini ikianza kulia kwenye mteremko, nitamwambia aiache ilie, na nitaendelea kumwambia mpaka tufike chini.