Begi la Tukuyu Lifungue

Ikupa mwanangu,

Maharage yapo jikoni, chumvi sijatia. Edson akitoka shule ale kwanza. Mama Harrison amekuja kunichukua twende kanisani mjini Saint Paul. Koti nimevaa, usinifokee.

Asubuhi nilikuwa mlangoni nafunga kilemba, nikakusikia ukimwambia mdogo wako Imelda kwenye simu: ugonjwa huu unaonivimbisha magoti umo mpaka kwenye damu, umeharibu mishipa ya moyo, imeziba, na kwa umri wangu hawapasui. Kumbe! Juzi daktari aliongea mpaka akakohoa, wewe ukanitafsiria, “Ni uzee tu, mama.” Nawe nesi mzima! Nami nikamshukuru yule mzungu huku nacheka.

~~Begi langu la Tukuyu lisiguswe.~~

Begi la Tukuyu lifungue. Nyumbani sitafika tena. Masweta niliyowawekea dada zangu vaeni ninyi, baridi ya huku ugenini inakuja.

Dawa za asubuhi nimemeza, sijui za nini sasa.

Ijumaa kwa daktari nitafsirie yote. Nikilia niache nilie, wewe endelea kutafsiri.

Mama yako, bibi yake Edson