Spika Mpya za Baba

Kwa kaka yangu Gibson,

Huku Mogogosiek mvua imerudi na chai imechipuka vizuri. Nilimaliza shule, sasa niko nyumbani na Baba.

Aliniambia stereo yake ya santuri imeisha nguvu, hasikii hata kwaya. Nikaipeleka kwa fundi Phelix. Alibadilisha kapasita za amplifaya, akaweka sindano mpya na spika mpya. Nilipoiwasha nyumbani, vioo vya madirisha vilitetemeka. Baba akainama karibu nayo. "Bado iko chini, Nelvine. Ongeza."

Jirani yetu Jerusa akaja mlangoni akipaza sauti, "Mzee, hiyo redio yako itatuua!"

Baba akatabasamu, akamjibu, "Chamgei mising." Alidhani amesalimiwa.

Jerusa alicheka sana. Mimi nilienda jikoni nikalia.

Kaka, ulisema hutapiga simu tena kwa sababu Baba anakunyamazia. Hajakukasirikia. Hakusikii. Mimi nashindwa kumwambia, na yeye bado anailaumu stereo. Tafadhali njoo mwenyewe, uketi mbele yake, aone midomo yako ikimwita Baba.

Ni mimi mdogo wako anayekungoja,
Nelvine