Bafle ya Tano

Jumapili, saa kumi na moja jioni. Mvua imenyesha tangu misa ya kwanza, ziwa halionekani, hata bandari haionekani. Kuran ya umeme iko, ajabu. Taa zinawaka nyumba nzima na hakuna muntu wa kumuambia.

Leo naandika jambo la aibu. Wewe unayesoma, kama unanifahamu, usinicheke barabarani.

Mama Neema, muke wangu, ametimiza miezi saba kwa dada yake kule Ankoro. Watu nawaambia alienda kuuguza. Uongo. Aliondoka kwa sababu nilimuita muongo mbele ya wageni, na kisa chenyewe kilikuwa bafle, hizi spika za sinema ya nyumbani.

Ile mashine niliinunua mwaka nilioacha kazi ya biro, ya ofisini, pale bandarini. Bafle tano na sabufa moja. Maneno yake nilikariri yote: stereo, kanali, dijitali, 5.1. Mugeni akikaa tu, namuhubiria. "Hii njo tano nukta moja," nasema, kifua mbele. Ungeniuliza maana yake, ningekohoa.

Bafle nne niliziweka kwenye pembe nne za saloni, sebule yetu. Ya tano ilikuwa na umbo lingine, ndefu, ya kulala. Nikamupa Mama Neema jikoni, juu ya kabati, asikie nyimbo akipika. Nilifanya kwa mapendo, hilo naomba lieleweke.

Ila tangu siku ya kwanza alisema haiimbi. Naweka kwaya, saloni inatetemeka, yeye anaita kutoka jikoni: "Papa Neema, huku kimya!" Naenda, naangalia waya, iko sawa. Naweka filamu, bafle yake inaongea vizuri kabisa. Basi nikaona ananitafutia maneno. Na mimi huku saloni, kwenye filamu zangu watu walikuwa wanafungua midomo tu, muziki na milipuko mingi, sauti zao ziko mbali kama wamejifungia chumbani. Nikalaumu DVD za kopi, nikasoma maandishi ya Kifaransa chini.

Siku ile ya wageni aliingia saloni na mwiko mukononi, akasema mbele yao kwamba ninajichezea nyimbo peke yangu. Nikamujibu vibaya. Siandiki yote niliyosema. Neno la mwisho lilikuwa muongo.

Muntu muzima hovyo.

Leo upweke ulinizidi. Nikatafuta kitu cha kufanya, nikaanza kupangusa vumbi kwenye mashine. Nyuma, kwenye tundu la ule waya wa jikoni, kumeandikwa "centre". Katikati? Katikati ya nini? Nikafukua kitabu chake cha maelezo, nikavaa miwani.

Jamani. Kumbe bafle tano hazisemi kitu kimoja. Kila moja ina kanali yake, yaani njia yake ya sauti. Filamu ikiwa ya 5.1, bafle ya katikati njo inabeba maneno ya watu. Za mbele zinabeba muziki, za nyuma mvua na makelele. Ile "moja" ni sabufa, mungurumo tu. Na stereo ni kanali mbili peke yake, kushoto na kuume, kwa hiyo ukiweka CD ya kwaya, bafle ya katikati inanyamaza. Haijaharibika. Hakuna sauti iliyotumwa kwake.

Kitabu kinasema fanya jaribio. Unabonyeza telekomande, mashine inatuma "shhh" kwenye bafle moja moja, kwa zamu. Kazi hiyo inataka watu wawili, mumoja saloni, mumoja jikoni. Nilikimbia mara tatu na magoti yangu haya, nafika jikoni shhh imeshapita. Mara ya nne nikaacha mashine izunguke yenyewe, nikakaa kwenye kibao cha Mama Neema, nikangoja. Ikafika, ikapita.

Kisha nikaweka ile kwaya anayoipenda, nikarudi kwenye kibao. Nilikaa pale wimbo muzima. Juu ya kabati, kimya. Kutoka saloni zilifika sauti nusu nusu, mvua ya mabati ikazifunika.

Nililia, sifichi.

Nikamupigia. Rezo ya simu kule Ankoro ni ya kubahatisha, leo ilikubali. Nikamueleza yote, kanali, stereo, katikati, mbio mbio kama mwanafunzi kwenye mutihani. Nikamuambia: ulisema kweli, unisamehe. Halafu akasema polepole: "Mimi nilikuambia miaka mine, Papa Neema. Kitabu kimekuambia mara moja, ukakiamini."

Akaniuliza kama nimekula, nikasema ndiyo, akakata. Hakusema atarudi, hakusema hatarudi.

Kesho asubuhi nitaulizia treni ya Kabalo, na kutoka pale nitafute mutumbwi wa kwenda Ankoro. Nitaenda hata kama hajaniita. Ila naogopa macho yake, kwa sababu ana haki, na mimi peke yangu ndiye ninayejua ana haki kiasi gani: kama panya wangekula kile kitabu, mpaka leo ningekuwa bado namuita muongo.