Nyuki Aliyetoka Mzingani

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi kwako na kwa wajukuu wako, wale wanaoniita Babu Mdudu. Natumaini goti lako limepoa na kikohozi cha yule mdogo kimekwisha. Mimi nipo, ila vidole vimekuwa vizito, hivyo usinicheke mwandiko.

Kazi yetu imekamilika. Ulikuwa ukiniuliza natafuta nini miaka yote hii ndani ya mdudu. Tulisoma jeni za nyuki tukazilinganisha na za nzi, tujue kinga zao dhidi ya maradhi zilibadilikaje tangu enzi za mababu zao. Nzi, anayeishi peke yake, ana jeni nyingi za kinga. Nyuki wetu anazo chache mno. Nilieleza kwamba nyuki hukingwa na wenzake, wanaomsafisha na kutupa uchafu nje. Naye akizidiwa na ugonjwa, hutoka mzingani akafie mbali, asiwaambukize dada zake.

Juzi msaidizi wangu, binti mwenye ulimi mkali, alikuja kunisomea ripoti. Alikitazama chumba hiki cha kupanga, sufuria moja, kikombe kimoja, akaniuliza kama profesa mwenyewe ni nzi au nyuki. Tulicheka. Alipoondoka nililia.

Sasa nikwambie ukweli. Sikuhama kwako kwa sababu ya kelele za watoto. Ugomvi ule niliutafuta mwenyewe. Daktari alikuwa ameniambia moyo wangu umechoka na hautapona. Nikakumbuka ulivyomuuguza mama mpaka mgongo wako ukapinda, nikaona heri unikasirikie kuliko unibebe. Nikajiona mwerevu kama nyuki wangu. Lakini ugonjwa wa moyo hauambukizi, mdogo wangu. Nimesoma maradhi maisha yangu yote, na hilo sikuliona.

Waambie watoto hawakunifukuza. Najua wanadhani ni wao.

Nilikusudia kuomba radhi tu, niishie hapo. Ila naogopa. Asubuhi vifungo vya shati vinanishinda, na kuna siku hakuna anayeniita jina. Kama hasira zimepungua, njoo unichukue. Kama bado zipo, njoo nazo hivyohivyo. Mlango siufungi tena kwa komeo, maana huenda nisiweze kuinuka kukufungulia.

Wape mkono wote hapo nyumbani.

Ni mimi,
kaka yako.